Kuandika historia na jiografia ya kijiji: jizoeze kwanza na Holašovice

Kila mwaka wanafunzi wangu wa hapa Katuba, mjini Lubumbashi, huniletea kazi zinazofanana: kijiji chetu kilianzishwa na babu aliyetoka Kola, ile nchi ya asili ya masimulizi, tunalima mahindi na mihogo, basi. Ukiuliza mto uko upande gani wa nyumba, wanatazamana. Ndiyo maana siku hizi nawazoeza kwenye kijiji cha mbali kabla hawajagusa cha kwao. Huko ukikosea mpaka wa shamba, hakuna mjomba atakayekuita barazani.

Kijiji ninachowapa ni Holašovice, Bohemia ya Kusini, katika Jamhuri ya Ucheki. Ni kidogo, na ramani zake za zamani unaziona kwenye intaneti bila kulipa chochote. Nunua mega za intaneti, tafuta kivuli, uwe na rula, penseli na daftari.

Kwanza kipate, maana hapo wengi hupotea. Andika jina pamoja na kile kialama juu ya s. Bila hicho simu inaweza kukupeleka Holasovice nyingine, karibu na mji wa Opava, upande mwingine kabisa wa nchi. Chetu kiko kilomita 15 hivi magharibi ya České Budějovice. Kwenye karatasi za zamani utakikuta kwa jina la Kijerumani, Hollschowitz. Weka majina yote mawili juu ya ukurasa, utayahitaji.

Sasa usisome historia hata mstari mmoja. Fungua picha ya setilaiti, uchore unachokiona: bonde pana la tambarare, mto Vltava upande wa mashariki, na mabwawa yamesambaa kila mahali. Mengi yalichimbwa na watu, karne nyingi zilizopita, kwa ajili ya samaki. Wacheki hula samaki aitwaye kapu usiku wa Noeli kama sisi tunavyomtafuta kuku. Kusini bonde linaishia kwenye vilima vya Blanský les, na kilele chake, Kleť, kina mita 1,084. Wanafunzi hucheka hapo, kwa sababu Lubumbashi iko juu zaidi, kama mita 1,200, na hakuna kati yetu anayesema anaishi mlimani. Andika basi: mlima ni mlima kwa sababu ya kilicho chini yake.

Shuka mpaka kijijini. Katikati kuna uwanja mrefu wa majani, mita 210 kwa 70, wenye bwawa dogo na kikanisa cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk cha mwaka 1755. Kuuzunguka zimepangwa nyumba 23 za wakulima, za matofali, kila moja ikiuelekezea uwanja uso wake uliorembwa kwa lipu. Nyuma ya uso huo kuna ua, ghala, bustani, halafu shamba. Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Jiulize nani aligawa viwanja kwa usawa namna hii. Watu wanaojenga mmoja mmoja, kila mtu akifika kwa wakati wake, hawatoi mstari kama huo. Palikuwa na mwenye ardhi aliyepima. Ukishaona hilo kwa macho, ndipo karatasi zitakupa jina lake.

Kabla ya jina, pima. Dola ya Austria iliichora Bohemia yote, shamba kwa shamba, kati ya 1826 na 1843, ili kutoza kodi ya ardhi. Vipimo vya ramani hizo ni 1:2880, namba inayowatisha watoto. Siri yake ni nyepesi: inchi 1 kwenye karatasi ni pima 40 ardhini (pima ni kipimo cha zamani cha urefu), na pima 1 ina inchi 72. Zidisha. Kwa rula yetu, sentimita 1 ni mita 28.8, kwa hiyo ule uwanja wa mita 210 unakuwa sentimita 7.3. Asiyepata hapo amechanganya vipimo, arudie. Halafu tazama rangi: majengo ya mbao yalipakwa manjano, ya mawe au matofali yalipakwa wekundu. Rangi mbili tu, na tayari unajua nyumba ipi moto ungeimaliza kwanza. Ukifika kijijini kwenu fanya vilevile: rangi moja kwa matofali ya kuchoma, nyingine kwa matofali mabichi. Utajua penye pesa bila kumuuliza mtu mshahara.

Sasa tarehe. Holašovice inatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1263. Usiandike kwamba ilianzishwa 1263! Huo ni mwaka ambao mtu mwenye kalamu aliitaja, watu walishakuwapo. Mwaka 1292 mfalme Václav wa Pili aliwapa kijiji watawa Wasistersiani wa monasteri ya Vyšší Brod, na kikabaki mikononi mwao mpaka katikati ya karne ya 19, wakulima walipoachiliwa kutoka utumishi wa mwenye ardhi.

Kisha tafuta palipokatika historia. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba pasipokatika hawajatafuta vya kutosha. Hapa pamekatika mara mbili. Kati ya 1520 na 1525 tauni iliingia, wakabaki watu wawili tu. Watawa wakaleta wakulima wapya kutoka Bavaria na Austria, na mwaka 1530 walihesabiwa 17. Hapo unaelewa lile jina la Kijerumani juu ya ukurasa wako. Nyuso nzuri za nyumba ambazo watalii huzipiga picha, na zilizoifanya UNESCO iandike kijiji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998, ni za karne ya 18 na ya 19, wakati wakazi wengi walikuwa wa lugha ya Kijerumani.

Mara ya pili ni baada ya vita, 1945 na 1946. Wajerumani wa nchi hiyo, karibu milioni 3, walifukuzwa, na wa Holašovice nao wakaenda. Nyumba nyingi zikabaki tupu zikibomoka, mpaka zilipoanza kutengenezwa tena kuanzia 1990. Sisi wa Katanga tunaokumbuka stesheni za Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993, familia za Wakasai waliofukuzwa zimekalia mizigo zikisubiri treni, hatuhitaji maelezo marefu. Katika kazi yako andika walioondoka kwa wino uleule wa waliobaki. Mwanafunzi anayeruka ukurasa huo simpi hata nusu alama.

Jambo moja la Wacheki ningependa tuliige kesho asubuhi. Tangu sheria ya 1920, kila kijiji kilitakiwa kuwa na kitabu cha kumbukumbu na mtu wa kukiandika. Sheria ya 2006 bado inadai hivyo. Sisi tunaweza kuanza na daftari la kurasa mia.

Kwenu, kule Kasenga au Sakania, fuata utaratibu uleule: ardhi na maji, umbo la nyumba, ramani kwa hatua zako kama huna nyingine, ndipo wazee. Usimuulize mzee mwaka. Muulize alikuwa na watoto wangapi mto ulipofurika. Orodha ya machifu iandike ukurasa mmoja, njaa na mafuriko ukurasa mwingine, kisha uzioanishe. Kila habari iwe na jina la aliyeisema, kama amekubali. Wazee wawili wakipingana, andika wote wawili, usiwe hakimu. Ukimaliza nakili mara mbili, nakala moja kwa chifu, nyingine shuleni, maana panya wa kwa chifu nawajua.