Kuvuna joto la bomba la moshi kwenye boila ya kuni: kutengeneza na kufunga koti la maji

Boila nyingi za kuni zilizofungwa nyuma ya nyumba huko Njoro, Molo, Elburgon na Bahati, kaunti ya Nakuru, hupasha maji vizuri, lakini bomba lake la moshi huwa moto kiasi kwamba tone la maji likiliangukia hurukaruka na kukauka papo hapo. Joto hilo umelinunua pamoja na kuni, na linapaa juu ya paa. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulirudisha kiasi ndani ya maji kwa koti la chuma linalozunguka bomba la moshi. Nasema kiasi kwa sababu moshi ukinyang'anywa joto lote haupandi tena, unarudi chini na kumwaga lami kwenye bomba.

Hesabu kwanza, ili ujue unachotarajia. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya takriban megajuli 15. Boila inayochoma kilo 3 kwa saa na kutoa moshi wa nyuzi 350 inaweza kufungwa koti la urefu wa mita 1.2 ambalo litaushusha moshi hadi karibu nyuzi 240. Hapo utakuwa umeokoa takriban kilowati 1.3, zinazotosha kupandisha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 42 kwa saa mbili. Kama boila yako ilikuwa ikitumia nusu ya joto la kuni, sasa inatumia karibu asilimia 60. Kazi iliyokula kilo 6 za kuni itakula 5.

Kabla ya kukata chuma: pima

Toboa tundu la milimita 6 kwenye bomba la moshi, sentimita 30 juu ya boila, uingize waya wa kipimajoto aina ya K hadi katikati ya bomba. Baadhi ya mita za umeme zinazouzwa madukani huja na waya huo. Soma wakati moto umeshika vizuri, si dakika kumi za kwanza. Ukitumia kipimajoto cha miale (kinachopima bila kugusa), paka kwanza doa jeusi lisilong'aa linalostahimili joto, maana bati linalong'aa hudanganya kipimo. Kumbuka pia kwamba uso wa nje wa bomba huonyesha karibu nusu tu ya joto la moshi ulio ndani.

Moshi ukisoma nyuzi 300 na kuendelea, koti litalipa. Kati ya 200 na 300, jaribu kwanza kusafisha boila. Chini ya 200, usifunge chochote: boila hiyo tayari inachukua kinachochukulika.

Angalia na kuni zenyewe. Mkaratusi mbichi nusu ya uzito wake ni maji, na kila kilo hutoa karibu nusu tu ya joto la kuni kavu. Pasua vipande vya unene wa kifundo cha mkono, uvipange chini ya paa pembeni pakiwa wazi, uviache miezi 6 au zaidi. Molo na Elburgon kwenye ukungu, zaidi. Koti lililofungwa kwenye boila inayolishwa kuni mbichi litaziba kwa lami, na hakuna fundi atakayelitibu.

Hatua ya 1: vifaa

Tafuta shiti la chuma cheusi cha milimita 3, la futi 8 kwa 4. Utatumia zaidi kidogo ya nusu yake, kwa hiyo fundi mwenye mabaki anaweza kukukatia. Usikubali bomba au bati lenye zinki kwa upande wa moshi. Zinki haivumilii joto hilo, na ikichomelewa hutoa mvuke unaomletea mchomeleaji homa na maumivu ya kifua.

Kata kipande cha sentimita 48 kwa 120, ukikunje kiwe bomba la ndani lenye kipenyo cha milimita 150. Kata kingine cha sentimita 66 kwa 120 kiwe bomba la nje. Kati ya mabomba hayo mawili patabaki nafasi ya milimita 25 kuzunguka pote, na ndani yake zitaingia lita 17 za maji. Pete mbili za chuma hicho hicho hufunga juu na chini. Kama boila yako ina bomba la inchi 5 au 8, badilisha vipimo lakini usibadilishe ile nafasi ya milimita 25. Ikiwa nyembamba zaidi, uchafu huiziba na maji hayazunguki kwa urahisi.

Ongeza nusu soketi (vipande vifupi vyenye nyuzi ndani, vya kuchomelea) mbili za inchi 1, moja ya nusu inchi, bomba la GI (chuma chenye zinki, kwa upande wa maji tu) la inchi 1, elbo, yunioni (viungo vinavyofunguka) mbili, tangi la chuma la lita 100 lenye matundu ya mabomba yake, sufi ya kioo au ya mwamba (ya kuzuia joto lisipotee) ya unene wa milimita 50, na mabati mepesi ya kuifunika.

Hatua ya 2: kuchomelea

Mshono wa urefu wa bomba la ndani ndio unaotenganisha moto na maji, kwa hiyo uchomelewe mara mbili: kwanza kwa rodi ya milimita 2.5 ikizama ndani, kisha mshono wa pili juu yake baada ya kugonga na kusugua ganda lote. Mafundi wa jua kali wa Nakuru na wa Kibuye kule Kisumu wanaimudu kazi hii bila shida. Wanachohitaji kuambiwa ni kwamba chombo hiki kitakaa na maji usiku na mchana, si geti.

Soketi ya maji baridi iwe sentimita 5 juu ya pete ya chini. Soketi ya maji moto ikae upande wa pili, igusane kabisa na pete ya juu. Watu wengi huishusha sentimita 5 au 10 ili ipendeze, na hapo ndipo koti huharibikia: hewa hunaswa juu ya soketi, chuma hubaki kikavu, maji yanaanza kugonga kama nyundo, na baada ya muda mshono wa juu unapasuka. Soketi ya nusu inchi iwe chini kabisa, ya kutolea matope.

Jaribu uvujaji kabla ya kufunga. Ziba matundu, jaza maji hadi hewa yote itoke, kisha sukuma kwa pampu ya mkono hadi shinikizo la bari 1.5, uache nusu saa. Tangi la maji baridi la nyumba lililo mita 6 juu ya koti huleta bari 0.6 tu, kwa hiyo kipimo hiki kinatosha. Usijaribu kwa hewa ya kompresa: mshono ukiachia, hewa hurusha chuma, maji humwagika tu.

Hatua ya 3: kulisimamisha

Koti likijaa maji lina uzito wa takriban kilo 50. Shingo ya boila haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Weka mabano mawili ya chuma cha pembe ukutani, au miguu minne hadi sakafuni, ili boila isibebe chochote.

Viungo vya bomba la moshi vifungwe kwa flenji (pete bapa za kuunganishia) zenye bolti nne na kamba ya nyuzi za kioo katikati. Silikoni ya kawaida ya dukani huungua. Kila bomba la juu liingie ndani ya la chini, ili majimaji na lami vitiririke ndani na kurudi kwenye moto badala ya kuchuruzika nje. Chini ya koti weka tii (kiungo cha umbo la T) yenye kifuniko cha kusafishia. Ukiikosa tii hiyo leo, utalikata bomba baadaye.

Sasa mvuto, yaani nguvu ya bomba kuvuta moshi juu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na bomba la moshi la mita 4 lina nguvu kidogo kuliko lingekuwa nayo Mombasa. Ukishusha moshi kutoka nyuzi 350 hadi 240 unapoteza karibu sehemu moja kwa tano ya mvuto uliobaki. Ongeza mita moja ya bomba juu na tatizo linakwisha. Kofia ya juu isibane: acha angalau sentimita 10 kati yake na mdomo wa bomba. Kisumu, ambako upepo wa ziwa huvuma alasiri, mdomo wa bomba uwe juu kuliko kilele cha paa, la sivyo moshi utarudishwa uani.

Hatua ya 4: mabomba ya maji

Hapa ndipo uhai wa watu ulipo, kwa hiyo soma mara mbili.

Koti halifungwi moja kwa moja kwenye mfereji unaoenda bafuni. Maji yakisimama ndani yake huku moto ukiwaka, yatachemka. Yanatakiwa kuzunguka yenyewe kati ya koti na tangi la lita 100, kisha tangi hilo ndilo liilishe boila maji yaliyokwisha kupata uvuguvugu. Boila nayo iyapandishe hadi nyuzi 60, kwa sababu maji ya uvuguvugu yanayokaa siku nyingi hufuga bakteria.

Kitako cha tangi kiwe juu ya kichwa cha koti kwa sentimita 30 hadi 60, na umbali usizidi mita 3. Bomba la maji moto litoke juu ya koti, lipande mfululizo bila kushuka hata mahali pamoja, liingie tangi karibu na juu. Bomba la baridi litoke kitako cha tangi lishuke hadi chini ya koti. Yote mawili yawe GI ya inchi 1. PPR (bomba la plastiki) hulainika karibu na joto la kuchemka, basi isitumike kwenye mzunguko huu.

Juu ya tangi toa bomba la kupumulia la inchi 1, lipande hadi juu ya tangi la maji baridi la nyumba, lipite usawa wa maji yake kwa angalau sentimita 40, kisha lipinde na kumwagikia humo. Lisiwe na valvu. Valvu isiwekwe pia kati ya koti na tangi, hata ya matengenezo. Mtu akiifunga kwa bahati mbaya na moto unawaka, mvuke hauna pa kutokea, na koti linageuka bomu. Valvu ya usalama ya dukani inaweza kuongezwa, lakini haichukui nafasi ya bomba lililo wazi.

Maji ya mfereji yakipotea siku tatu, jambo ambalo wakazi wengi wa Nakuru wanalijua, tangi hukauka na koti nalo. Kinga yake ni rahisi: kwenye tangi la maji baridi, tundu la kulisha boila na koti liwe chini kabisa, na tundu la mifereji ya nyumba liwe sentimita 15 juu yake. Mifereji ya jikoni itakauka kwanza na kukuonya kabla koti halijaisha maji. Wafundishe wote wanaowasha moto: mfereji ukikauka, moto hauwashwi. Na koti likiwa limeshakauka na ni moto, usilitie maji. Zima moto, subiri lipoe kabisa.

Hatua ya 5: kuwasha mara ya kwanza

Jaza pole pole kutoka chini hadi maji yatoke bila mapovu. Washa moto mdogo kwa nusu saa. Gusa mabomba: la juu linatakiwa kupata joto hadi kwenye tangi, la chini libaki baridi. La juu likiwa moto karibu na koti tu na tangi bado baridi, kuna mahali bomba limeshuka na hewa imenaswa. Tafuta kwa pimamaji. Ukisikia mgurumo, hewa iko kichwani mwa koti.

Dakika 20 za mwanzo utaona majimaji meusi kwenye tii. Ni mvuke wa moshi unaoganda kwenye chuma baridi, na hukoma chuma kikishapata joto. Yakiendelea saa nzima, kuni zako ni mbichi. Usifunike koti kwa sufi na mabati kabla ya mioto mitatu bila uvujaji.

Kulitunza

Mwezi wa kwanza fungua tii kila wiki mbili, usugue kwa brashi ya waya ya inchi 6. Masizi ya milimita 2 yanatosha kulifanya koti liwe pambo. Ukikuta lami inayong'aa na kugoma brashi, punguza moto mdogo wa kufukiza usiku kucha: huo ndio unaoizaa. Lami hiyo ikishika moto, bomba huunguruma. Funga mlango na matundu ya hewa ya boila, usimwage maji kwenye bomba.

Fungua soketi ya chini kila miezi mitatu kutoa matope. Birika lako likiwa na utando mweupe, koti nalo linao, na mara moja kwa mwaka litahitaji siki au asidi ya limau iliyokorogwa, gramu 50 kwa lita, ikae saa kadhaa bila moto kisha isuuzwe. Maji ya visima virefu vya Nakuru yana floraidi nyingi, na kuyapasha hakuiondoi, kwa hiyo maji ya tangi hili ni ya kuoga na kufulia.

Rudia kipimo cha nyuzi juu ya koti kila unapolisafisha, uandike ukutani kwa chaki. Joto la moshi likipanda kutoka 240 hadi 280 huku kuni ni zilezile, masizi yamerudi. Likishuka chini ya 150, ongeza hewa inayoingia kwenye moto au kata urefu wa koti, maana lami inakaribia.