Jinsi ya kufuatilia historia ya benki ya familia katika mji mdogo wa Marekani

Anza na namba, si jina. Benki zilizoitwa "First National Bank" zilikuwa tele, na mji mmoja uliweza kuwa na mbili kwa nyakati tofauti. Kila benki iliyopewa kibali cha serikali kuu tangu 1863 ilipata namba yake, na utaikuta hata kwenye noti nyingi ambazo benki hizo zilitoa hadi 1935.

Ukiwa na namba, ingia FRASER, maktaba ya mtandaoni ya tawi la St. Louis la Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, ufungue ripoti za mwaka za Mdhibiti wa Sarafu, ofisa wa serikali kuu anayesimamia benki hizi. Zile za karne ya 19 zina mizania ya kila benki, jina la rais wa benki na la keshia. Pitia mwaka hadi mwaka, uandike kila jina linapobadilika. Keshia huyu usimdhanie yule wa dirishani: katika benki ndogo ndiye aliyeendesha kazi, na mara nyingi alikuwa mtoto wa mwenye mali.

Kibao kinasema "tangu 1872" lakini kibali ni cha 1901? Huenda vyote ni kweli. Kabla ya 1900 mtaji wa chini ulikuwa dola 50,000. Mwaka huo ukashushwa hadi 25,000 kwa miji isiyozidi watu 3,000, na benki binafsi zikaweza kuomba kibali. Miaka yao ya nyuma haimo katika ripoti hizo. Itafute kwenye matangazo ya magazeti ya mji, kupitia Chronicling America, hifadhi ya mtandaoni ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Umiliki ufuate kwenye faili za mirathi za mahakama ya kaunti. Jina la ukoo likitoweka, tafuta wakwe kabla ya kuandika kwamba benki iliuzwa: binti hurithi hisa, mumewe akakalia kiti. Sensa za kuanzia 1880 hadi 1950 zinataja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, ila ya 1890 karibu yote imepotea.

"Haijawahi kufunga mlango hata siku moja" ifute. Rais Roosevelt alizifunga benki zote 6 Machi 1933, na za kwanza zikaruhusiwa kufungua tarehe 13. Nyingine zilirudi kwa kibali kipya na namba mpya. Ukikuta namba imebadilika hapo, chunguza nani aliweka mtaji, maana huenda hisa za familia ziliishia siku hiyo.