Namna ya kuipima habari mbaya ya gari za umeme kabla ya kuipeleka barazani

Kahawa ikiwa bado haijapoa pale Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe wa Unguja, simu hupitishwa mkono kwa mkono ikionesha gari inayoteketea, na chini yake pameandikwa kuwa hiyo ni gari ya umeme. Aliyeipokea huwatumia ndugu zake wa Wete, Pemba, kabla ya Isha, na asubuhi yake mtu aliyekuwa amekusudia kuagiza gari ya aina hiyo kutoka Japani huwa ameshaghairi. Maelezo haya yanahusu dakika chache zilizopo baina ya kuipokea habari kama hiyo na kuituma kwa mwengine. Nakiri kwamba nami nimewahi kutuma video ya namna hiyo bila ya kuuliza lolote.

Anza na asili ya habari. Uliza picha imepigwa wapi na lini, na ni nani aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba gari ile ni ya umeme. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 2023 moto uliteketeza zaidi ya gari 1,300 katika jengo la maegesho la uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, na sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Kabla majivu hayajapoa, hukumu ilikuwa imeshatolewa mitandaoni kwamba chanzo ni gari ya umeme. Siku iliyofuata kikosi cha zimamoto cha Bedfordshire kilieleza kuwa kinaamini moto ulianzia katika gari ya dizeli, lakini video zilizokuwa zimeshasambaa hazikurudi kusahihishwa, na sahihisho halikupata mbio zilizopata uvumi. Kwa hiyo habari ya moto isubiri angalau siku mbili, kisha tafuta wazimamoto wenyewe wamesema nini.

Hata ikithibitika kuwa gari iliyoungua ni ya umeme, bado uulize: ngapi katika ngapi? Kwa hesabu za idara ya dharura ya Sweden, mwaka 2022 ziliungua gari zipatazo 3.8 katika kila gari 100,000 za umeme na haibridi (zinazotumia mafuta na umeme pamoja), ilhali kwa gari za kila aina kwa jumla ziliungua 68 katika kila 100,000. Tofauti hiyo nayo isimezwe bila ya kutafunwa, kwa kuwa gari za umeme nyingi bado ni mpya na gari kuukuu ndizo zinazoungua zaidi, na hesabu ya gari zote imeingiza pia zilizochomwa kwa makusudi. Ni kweli pia kwamba moto wa betri ya lithiamu ni mgumu kuuzima, hutaka maji mengi na huweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa umekwisha. Tena zipo habari mbaya zilizokuwa za haki kabisa: mwaka 2021 General Motors iliziita zirudi gari zote za Chevrolet Bolt, zaidi ya 140,000, kwa kasoro ya betri iliyoweza kusababisha moto.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji subira zaidi, nayo ni kumtafuta aliyelipia habari. Usafiri wa barabarani hula karibu nusu ya mafuta yote yanayotumika duniani, kwa hiyo kila gari inayoacha kwenda sheli ni pengo katika mfuko wa mtu fulani, na mtu huyo hana sababu ya kukaa kimya. Mara nyingi, hata hivyo, hasemi kwa kinywa chake mwenyewe. Mfano ulio wazi ni wa Novemba 2020, siku chache baada ya serikali ya Uingereza kutangaza kwamba itapiga marufuku uuzaji wa gari mpya za petroli na dizeli kuanzia mwaka 2030. Magazeti ya huko yalichapisha matokeo ya ripoti iliyodai kwamba gari ya umeme lazima iende maili 48,000, yaani takriban kilomita 77,000, ndipo ifidie uchafu uliotoka ilipotengenezwa na iwe safi kuliko ya petroli. Ripoti hiyo ilibeba majina ya kampuni zinazotengeneza gari na vipuri, zikiwemo Aston Martin, Honda na Bosch, lakini iliyoitoa ni kampuni ya uhusiano wa umma iitwayo Clarendon Communications. Mchambuzi wa nishati Michael Liebreich alipofuatilia usajili wake, alikuta kwamba kampuni hiyo imeandikishwa kwa jina la mke wa mkurugenzi wa Aston Martin aliyehusika na mambo ya serikali. Mtafiti Auke Hoekstra wa Eindhoven, Uholanzi, aliirudia hesabu na kuonesha kuwa uchafu wa gari ya petroli ulikuwa umepunguzwa mno, hasa ule unaotoka katika kuyachimba na kuyasafisha mafuta yenyewe. Kwa hesabu yake, masafa yanayohitajika ni kama maili 16,000 tu.

Tazama jinsi uongo ule ulivyotengenezwa. Hakuna aliyebuni kitu kutoka hewani: walichukua namba zilizopo, wakaacha upande mmoja wa mizani bila ya kuupima sawasawa, kisha wakamtanguliza mtu asiyejulikana. Kwa hiyo, ukisoma kwamba “utafiti umeonesha”, tafuta jina la aliyeufanya, jina la aliyeugharamia, na mwaka ambao kampuni iliyoutoa iliandikishwa. Ukiona makala haitaji hata kimoja kati ya vitatu hivyo, iache ilipo.

Mkono wa wenye mafuta unafika hata Afrika. Novemba 2023 waandishi wa Centre for Climate Reporting pamoja na Channel 4 News ya televisheni ya Uingereza walitoa uchunguzi kuhusu mpango wa Saudi Arabia wa kuendeleza mahitaji ya mafuta, ambao unalenga kukuza matumizi ya gari za mafuta katika nchi zinazoendelea, zikiwemo za bara letu. Hata hivyo sharti tuwe waadilifu, kwani anayeuza gari za umeme naye ni mfanyabiashara. Januari 2023 mamlaka ya ushindani ya Korea Kusini iliitoza Tesla faini kwa kutowaeleza wateja kwamba masafa ya gari zake hupungua wakati wa baridi. Mwenye maslahi huweza kusema kweli. Maslahi yake yanakuonesha tu ni sentensi gani uichunguze kwanza.

Kuhusu kobalti, madini yanayotiwa katika betri nyingi za gari hizi, sina mengi. Sehemu kubwa mno ya kobalti ya dunia, kiasi cha asilimia 70, huchimbwa Kongo, na habari za watoto migodini si uzushi. Angalia tu iwapo mwandishi anakumbuka kwamba viwanda vya kusafisha mafuta navyo hutumia kobalti kuondoa salfa, na kwamba zipo betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti kabisa.

Hatua inayosahaulika ni kuuliza iwapo habari ile inatuhusu sisi. Januari 2024 dunia nzima ilioneshwa gari za umeme zilizokwama kwa baridi kali mjini Chicago, na video hizo zikafika mpaka Chake Chake, ambako barafu inayojulikana ni ile ya kuhifadhia samaki. Husemwa pia kwamba gari hizi zinahamishia tu moshi katika mitambo ya makaa ya mawe. Lakini umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa baharini unaotokea Ras Kiromoni hadi Fumba, na umeme wa gridi ya Tanzania kwa sehemu kubwa unatokana na maji na gesi asilia. Na hofu ya kuishiwa chaji njiani ina uzito gani katika kisiwa ambacho urefu wake wote haufiki kilomita 100?

Wakati huo huo hofu zilizo zetu hazimo katika video hizo hata kidogo. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kwa miezi mitatu, anayo haki ya kuuliza gari yake ingechajiwa wapi. La pili ni joto. Nissan Leaf za mwanzo, ambazo ni miongoni mwa gari za umeme za bei nafuu katika soko la mitumba la Japani, betri zake hazipozwi kwa maji, na wamiliki wa Arizona, Marekani, walilalamika tangu mwaka 2012 kwamba joto linazichakaza mapema. Habari hiyo mbaya ni ya kweli na inatugusa moja kwa moja, lakini ni ya gari ile na betri ile. Nyingi za kisasa hupozwa kwa maji.

Basi ukishapita yote hayo na bado unaitaka Leaf iliyotumika, usimuulize muuzaji wala mtandao kama gari za umeme ni nzuri. Mwombe aiwashe, uhesabu vijisanduku vya uwezo wa betri vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji: ikiwa mpya huwa 12, na cha kwanza kikipotea betri imeshapungua kwa kama asilimia 15. Kwa kuwa wapo wanaojua kuvirudisha vijisanduku hivyo kwa ujanja, iendeshe kutoka mjini hadi Tunguu na kurudi, na uandike chaji iliyotumika. Muuzaji akikataa safari hiyo, mrudishie ufunguo wake.