Somo: Namna ya kuchagua programu ya kurekodi muda wa kazi

Ndugu wanachama, mimi ni mfasiri ninayefanyia kazi nyumbani, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitoza bei kwa kukisia. Hati moja ya kurasa 40 niliikisia kuwa ya saa 10. Nilipoanza kuandika muda, nilikuta imenichukua saa 17, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa ni kuoanisha istilahi na kujibu ujumbe wa mteja.

Hatua ya kwanza: anza na daftari. Kwa siku tatu, andika saa kila unapobadilisha shughuli. Ukurasa wangu wa kwanza ulisomeka hivi: 2:10 hadi 3:35 tafsiri, 3:35 hadi 4:20 simu ya mteja na WhatsApp, 4:20 hadi 4:50 tafsiri. Daftari litakuonyesha swali lako hasa ni lipi, kwa sababu anayetaka kujua kazi inachukua saa ngapi ili apange bei hahitaji programu ile ile ya mtu anayetaka kujua simu inamla muda kiasi gani.

Hatua ya pili: chagua aina. Kwa swali la bei, tafuta programu ambayo unaanzisha na kusimamisha saa mwenyewe, kama Toggl Track, Clockify au Simple Time Tracker. RescueTime na ActivityWatch hujirekodia zenyewe kile kilichofunguliwa kwenye kompyuta, lakini haziwezi kujua kwamba ulikuwa mezani unasoma kamusi ya karatasi. Ikiwa tatizo ni simu tu, usipakue chochote: tangu 2018 Android ina Digital Wellbeing na iPhone ina Screen Time.

Hatua ya tatu, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote: hesabu mibonyezo. Chukua simu ikiwa imefungwa, kisha anzisha kazi. Programu ikihitaji zaidi ya mibonyezo mitatu, iache, hata kama michoro ya ripoti zake inapendeza, kwa kuwa utalazimika kurudia kitendo hicho mara 10 au 15 kwa siku, na siku utakapokuwa na haraka ndiyo siku utakayoacha kurekodi.

Hatua ya nne: zima data, rekodi kazi moja, washa tena, uone kama kumbukumbu imebaki. Hakikisha pia unaweza kuitoa kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi linalofunguka kwenye programu kama Excel, ili ukihama usiache jasho lako nyuma.

Hatua ya tano: itumie wiki mbili ukiwa na majina ya shughuli yasiyozidi sita.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo. Nasahau kusimamisha saa, asubuhi nakuta nimefanya kazi usiku kucha. Nifanyeje?
Jibu: Chagua programu inayokuruhusu kusahihisha muda baadaye, na uwashe arifa ya kukukumbusha kwamba saa bado inatembea. Sahihisha siku hiyo hiyo, wakati bado unakumbuka.

Swali: Kwangu saa husimama yenyewe skrini ikizima.
Jibu: Simu nyingi za Android huzima programu zisizo mbele ya macho ili kuokoa chaji. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu hiyo, uiondolee vizuizi.

Swali: Mwalimu, mimi hushona hadi saa saba usiku, lakini ripoti inaikata kazi hiyo katika siku mbili.
Jibu: Kwa programu hizi siku hubadilika saa sita usiku, yaani 00:00. Simple Time Tracker ina mpangilio wa kusogeza mwanzo wa siku. Ukiuweka saa kumi alfajiri, ambayo utaiona imeandikwa 04:00, ushonaji wako wote wa usiku utahesabiwa katika siku uliyoanza kushona.