Intaneti ya mtaa na darasa la habari: namna ya kuvianzisha pamoja

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya mitaani kufunga waifai ya pamoja, kisha kurekodi na kutangaza habari zao wenyewe. Nikialikwa mahali, mara nyingi nakuta ruta zimeshanunuliwa, zimo kwenye maboksi, na swali ni moja tu: zifungwe wapi? Huwa naomba maboksi yakae kwanza. Mitandao mingi ya mitaa niliyoikuta imezimika ilikuwa na vifaa vizima kabisa. Aliyejua nywila alihama, au kebo ilikatika na kila mtu akadhani kuitengeneza ni zamu ya mwenzake. Ndiyo maana hapa naanza na watu, na ndiyo maana ufundi wa mtandao na mafunzo ya habari nayaweka katika darasa moja, kwa wanafunzi walewale.

Mlango kwa mlango, na simu ya kurekodia mkononi

Tafuta watu kumi hivi wanaoishi hapo hapo na hawana mpango wa kuondoka karibuni. Usijaze vijana wa kompyuta watupu. Mpangaji wa siku nyingi anayejua nani mwenye ufunguo wa ngazi ya paa atakuokolea muda kuliko mtu anayejua amri za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na amri hizo zinafundishika. Huko Detroit, Marekani, shirika la Detroit Community Technology Project limekuwa likifundisha wakazi kuwa wasimamizi wa mtandao wao badala ya kuwaletea mafundi wa nje, na mtaa wa Red Hook, Brooklyn, jijini New York, wamefuata njia hiyo hiyo. Kimbunga Sandy kilipopiga New York Oktoba 2012, mtandao mdogo wa Red Hook ulikuwa miongoni mwa njia za mawasiliano zilizobaki kwa wakazi wa pale.

Kazi ya kwanza ya kundi ni utafiti wa mtaa, na utafiti huo ndio somo la kwanza la mahojiano. Waende wawili wawili: mmoja anauliza, mwingine anarekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa. Wakirudi, mnakaa na kusikiliza pamoja. Hapo kila mtu anasikia mwenyewe alivyomkatiza mzee katikati ya sentensi, au alivyouliza swali lililokwisha kubeba jibu lake.

Swali baya kuliko yote ni "Je, una intaneti?" Mtu anayeazima simu ya jirani kwa nusu saa atasema ndiyo. Mtu mwenye laini nzuri isiyo na salio atasema ndiyo. Mwisho wa siku utakuwa na jedwali zuri la uongo. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulipotaka kufanya jambo mtandaoni ukashindwa, lilikuwa jambo gani?" Kisha nyamaza. Jibu litakupa mambo mawili kwa mpigo. Mwandishi wa habari atapata kisa: fomu ya kazi iliyogoma kupakia kiambatisho usiku wa mwisho wa maombi. Fundi atapata kipimo: tatizo la mtu huyu ni kasi ya kupakia (kutuma), si ya kupakua (kupokea), na vifurushi vingi vya majumbani vina kasi ndogo ya kupakia. Kama majibu mengi ni ya aina hiyo, laini utakayoomba kwa mtoa huduma ni tofauti na ile uliyodhani.

Wakiwa huko, wachore ramani kwa mkono. Paa lipi ni refu, nani mwenye jengo, soketi iko wapi, mti upi unakua, na saa ngapi umeme hukatika. Karatasi inatosha, programu za ramani zitakuja baadaye.

Juu ya paa

Kabla ya kupanda, maliza mambo mawili ya karatasi. Soma mkataba wa mtoa huduma uone kama unaruhusu kugawana laini. Mingi inakataza kuiuza tena, na baadhi ya watoa huduma wana mkataba maalumu kwa vikundi ukiwaomba. Halafu uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kuhusu matumizi ya GHz 2.4 na GHz 5, masafa yanayotumiwa na waifai, nje ya jengo. Nchi nyingi hazidai leseni kwa masafa hayo, ila zina mipaka ya nguvu ya mawimbi, na chaneli fulani za GHz 5 zimewekewa masharti ili zisiingiliane na rada.

Na mwenye jengo mwandikiane. Ukurasa mmoja unatosha: nani analipia umeme, nani anaruhusiwa kupanda na saa ngapi, vifaa ni mali ya nani, na vitaondolewaje akitaka viondoke. Makubaliano ya mdomo hufa siku jengo linapouzwa.

Ufundi wenyewe si mgumu kama unavyotishiwa. Paa moja linapokea laini kuu, na kutoka hapo antena za mwelekeo mmoja zinarusha kwenye mapaa mengine kwa GHz 5. Kila paa lina kifaa cha pili, cha GHz 2.4 au cha masafa yote mawili, cha kuhudumia simu za watu. Tenganisha kazi hizo mbili. Kifaa chenye redio moja (sehemu ya kurushia na kupokelea mawimbi) kinachopokea na kurusha kwa zamu hupoteza karibu nusu ya kasi kila hatua, kwa hiyo nyumba ya tatu kwenye mnyororo itabaki na makombo. Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na uweke upana wa MHz 20. Utashawishika kuweka 40 ili namba ipendeze kwenye kipimo. Mtaani penye ruta mia moja namba hiyo haina maana yoyote.

Kuiona antena ya pili kwa macho hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi pana kuuzunguka mstari wa kuona, na nafasi hiyo ni pana zaidi katikati ya safari. Kwa kilomita 1 kwenye GHz 5.8, nusu kipenyo chake pale katikati ni karibu mita 3.6, na mafundi hutaka angalau asilimia 60 ya hapo iwe wazi, yaani zaidi kidogo ya mita 2. Paa la bati linalokaribia kugusa mstari, au mti utakaoota majani msimu ujao, vitakula kasi yako huku taa zote za kifaa zikiwaka kijani.

Kebo iwe ya nje, inayostahimili jua, isiyozidi mita 100 kutoka swichi ya mtandao hadi kifaa. Mlingoti uwe na waya wa ethi na kinga ya radi. Acha kitanzi cha kebo kinachoning'inia chini kabla haijaingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee hapo. Na hakuna mtu kupanda peke yake, hata kama ni dakika tano.

Hesabu ya umeme ifanyeni pamoja ubaoni. Redio ya nje na ruta kwa pamoja hula kama wati 20. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Gawanya kwa 20, upate saa 30. Toa upotevu wa kubadilisha umeme, ubaki na kama siku nzima. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii mwenyewe hatakubali kuuziwa betri kwa maneno matamu.

Kugawa kasi bila ugomvi

Laini ya megabiti 100 kwa sekunde inahudumia watu wengi kuliko unavyofikiri, kwa kuwa hawaitumii wote kwa sekunde ileile. Kinachoua mtandao wa pamoja ni foleni: mtu mmoja anapakia video ndefu, na simu za sauti za wengine wote zinaanza kukatika. Kwenye ruta zenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, kuna kipengele cha kusimamia foleni kiitwacho SQM, chenye mfumo wa foleni uitwao CAKE. Kiweke kwenye asilimia 90 hivi ya kasi uliyoipima kwelikweli, na ukiagize kigawe sawa kwa kila kifaa. Hatua hii mara nyingi huondoa malalamiko ambayo watu walikuwa wanataka kuyatibu kwa kununua laini kubwa zaidi.

Badilisha nywila zote za kiwandani. Usitunze kumbukumbu za tovuti ambazo watu wanatembelea. Isipokuwa sheria inakulazimisha, huna sababu ya kuzijua, na ukiwa nazo kuna siku mtu atakuja kuzidai.

Kisha weka seva ndogo ndani ya mtandao wenyewe. Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya bei nafuu, yenye diski ya kutosha inaweza kubeba Wikipedia kupitia programu ya Kiwix, masomo ya shule kupitia programu ya Kolibri, na folda ya vipindi vya darasa lenu. Anayefungua vitu hivyo hatumii hata biti moja ya laini kuu, na laini ikikatika vinaendelea kufunguka. Hapa ndipo mafundi wengi wanaponishangaa, kwa kuwa wao huona seva ya ndani kama pambo la kuongeza baadaye. Kwangu mimi ndiyo inayoufanya mtandao uwe wa mtaa. Bila hiyo mmefunga bomba tu la kuletea vitu vya watu wengine.

Darasa la habari

Wiki moja paani, wiki inayofuata chumbani, kwa kupokezana. Anzeni na sauti, video ingoje. Sababu ya kwanza ni ukubwa: sauti ya mono (mkondo mmoja) ya kilobiti 64 kwa sekunde inachukua takribani MB 29 kwa saa nzima, ilhali dakika 1 tu ya video ya ubora wa 1080p kutoka simu ya kawaida inaweza kufika MB 60 hadi 130. Sababu ya pili ni kwamba watu huzungumza kwa uhuru zaidi kamera isipokuwepo, hasa wanapoeleza shida zao na mwenye nyumba au na ofisi fulani.

Simu iwe kwenye hali ya ndegeni wakati wa kurekodi. Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Kabla ya swali la kwanza, rekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika. Utauhitaji kuziba mapengo ukihariri. Kuhariri fanyeni kwenye Audacity, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure. Kazi ya kwanza iwe ya dakika 3, mtu mmoja, jambo moja, na itoke kwenye ule utafiti wa mlango kwa mlango: mtafuteni mtu aliyekwama na fomu, msikieni kwa urefu, halafu mtafuteni upande wa pili aeleze kwa nini fomu haina njia nyingine ya kuiwasilisha. Bila upande wa pili kipindi hakiendi hewani, hata kama mlalamikaji ni jirani tunayempenda.

Ruhusa ielezwe kwa maneno yanayoeleweka: sauti hii itawekwa kwenye seva ya mtaa peke yake, au pia kwenye intaneti ambako hutaweza kuirudisha? Hizo ni ruhusa mbili tofauti na ziombwe mara mbili. Kwa watoto, mzazi au mlezi aulizwe pia. Picha zinazotoka zifutwe taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili, maana picha ya kitasa cha mlango inaweza kufichua mahali hasa anapoishi aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa.

Kuhakiki ni somo ambalo napenda kulifundisha kwa uvumi unaozunguka kwenye makundi yao wenyewe wiki hiyo. Leteni picha moja, itafuteni kinyumenyume kwenye injini ya utafutaji, muone ilionekana mara ya kwanza lini na wapi. Angalieni vivuli, maandishi ya mabango, namba za magari. Kisha mpigieni simu mtu aliye pale. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo yenye jibu mara nyingi. Mkishatangaza na ikaonekana mmekosea, masahihisho yawekwe mahali palepale penye kipindi, yakiwa na tarehe.

Fedha na nywila

Gharama zisizokoma ni tatu: laini, umeme na vipuri. Kokotoeni jumla ya mwezi, ongezeni akiba ya kununua kifaa kimoja kipya kila baada ya muda, ndipo mjue mchango wa kila kaya. Mfadhili akija, alipie vifaa na mafunzo. Laini ya kila mwezi ilipwe na wanaoitumia tangu mwanzo, hata kama ni kidogo, la sivyo siku ufadhili unapoisha ndiyo siku intaneti inapokatika. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi.

Nywila za ruta, ramani ya mtandao na mikataba viwe kwa watu watatu wasioishi jengo moja, na nakala ya karatasi kwenye bahasha iliyofungwa. Kila hitilafu iandikwe kwenye daftari: ilitokea lini, dalili zake, nani alishughulikia na alifanya nini.

Kabla mkufunzi hajaondoka, fanyeni jaribio hili. Yeye na yule mwanafunzi hodari kuliko wote wazime simu zao kwa wiki moja, na mtu mwingine, bila kuwaambia waliobaki, achomoe kebo ya paa mojawapo. Kundi lirekebishe, na wakati huohuo litoe kipindi cha dakika 3 kuwaeleza wakazi kilichotokea. Maswali waliyokwama nayo yaandikwe kwenye daftari lilelile, yawe masomo ya kundi linalofuata, na wakufunzi wa kundi hilo wawe wao.