SOMO: Kutafuta yaliyopotea Kigoma na Ujiji kwa ramani za zamani

Wakuu, swali la "ramani yangu haikai, nyumba zinaangukia ziwani" limeulizwa hapa mara nyingi mno. Naweka somo zima. Someni kwanza, maswali baadaye.

1. Ramani. Tatu zinatosha kuanzia: ya Wajerumani ya 1:300,000 (maktaba kubwa za Ujerumani zimeweka skani mtandaoni), shiti (karatasi za ramani) za 1:50,000 za Wizara ya Ardhi, na michoro ya mji kutoka ofisi ya ardhi ya Manispaa. Ongeza picha za Corona, setelaiti za kijasusi za Marekani, za 1960 hadi 1972 kwenye tovuti ya USGS (idara ya jiolojia ya Marekani). Zilizokwisha kuskaniwa ni bure.

2. Skani. Dpi 300, TIFF, shiti ikiwa imelala kabisa.

3. Jua ramani inaweza kukuonyesha nini. Kwenye 1:50,000 milimita moja ni mita 50. Kwenye 1:300,000 ni mita 300, kwa hiyo mstari wa kalamu wa nusu milimita peke yake unafunika mita 150. Ramani hiyo itakupa njia ya misafara, kijiji, kivuko. Usiitafutie nyumba.

4. Tarehe. Usiamini mwaka ulioandikwa pembeni peke yake. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ramani yenye reli kamili hadi ziwani ilichapwa au ilirekebishwa baada ya hapo. Reli ya vidoti ni ya mpango tu.

5. Kuifunga ramani kwenye koodineti. Fungua Georeferencer (kifaa cha kufungia ramani) ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani. Shiti za 1:50,000 ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti. Kigoma ni kanda ya 35 kusini ya gridi ya UTM, na namba ya mfumo huo kwenye QGIS ni EPSG:21035. Ukizisoma kama WGS 84, mfumo wa GPS, kila kitu kitasogea kama mita 300, zaidi kuelekea kaskazini. Bonyeza makutano ya gridi, manane au tisa, yaliyotawanyika shiti nzima. Kwenye namna ya kunyoosha ramani (Transformation type) chagua Polynomial 1.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mimi mwenyewe niliharibu kazi ya wiki nzima. Ramani isiyo na gridi usiifunge kwa ufuko wa ziwa. Ufuko unavutia: umechorwa vizuri, una kona, unaonekana na kwenye setelaiti. Lakini si ule ule. Ziwa Tanganyika lilikuwa likipanda hadi 1878, mto Lukuga ulipozibua njia yake upande wa Kongo, na miaka iliyofuata maji yakashuka kama mita 10. Mahali ufuko unapolala, mita moja ya kina hula mita mia ya nchi kavu. Ndiyo sababu leo ukisimama kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji unajiuliza ziwa liko wapi, ilhali mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, mwalo ulikuwa karibu. Ukiuvuta ufuko wa wapelelezi Burton na Speke wa 1858 ulingane na wa leo, unauburuta mji wote kuelekea majini, na soko unalolitafuta litakuja kusimama walipokuwa wanaegesha mitumbwi. Midomo ya mito nayo ni hivyo hivyo. Delta ya Luiche usiiguse. Tumia stesheni ya Kigoma, njia ya reli, kona za majengo ya Wajerumani yaliyosimama bado, na vilele vya vilima.

Onyo la pili: Thin Plate Spline, namna nyingine ya kunyoosha, hulazimisha kila nukta uliyobonyeza ikae, kosa linasoma sifuri, nawe unafurahi. Nukta mbovu imefichwa, haijapona. Weka nukta tatu pembeni usizozitumia kufungia, kisha pima ziko mbali kiasi gani na mahali pake halisi.

6. Majina. Kijerumani: dsch ni j, tsch ni ch, sch ni sh. Udschidschi ni Ujiji.

7. Kwenda uwandani. Pitia kwanza serikali ya mtaa. Bandarini na relini omba kibali kabla ya kupiga picha. Mstari wa miembe mikubwa iliyopandwa kwa nafasi sawa ni dalili nzuri ya barabara ya kale. Wazee usiwaulize "hapa palikuwa na soko?" Watakukubalia kwa heshima. Uliza "hapa paliitwaje?" kisha nyamaza. Kuchimba bila leseni, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakukataza.

MASWALI

Dagaa_Mkavu: Mkuu nirushie hizo ramani WhatsApp.

Mwandishi: Hatua ya 1 imesema zilipo. WhatsApp huikandamiza picha hadi majina hayasomeki. Anayelazimika kutuma, atume kama faili, si kama picha.

Kijana_Bangwe: Nimefunga shiti, kila kitu kimepanda juu.

Mwandishi: Kama mita 300? Hatua ya 5.

Kijana_Bangwe: Nimeisoma lakini.

Mwandishi: Basi tazama kona ya chini kulia ya QGIS, niandikie namba ya EPSG unayoiona. Bila namba hiyo siwezi kukusaidia.

Kijana_Bangwe: 32735.

Mwandishi: Hiyo ni WGS 84. Weka 21035 kwenye Georeferencer, funga upya.

Binti_Unyanyembe: Shikamoo. Niko Tabora, nataka kupata njia ya zamani ya kwenda Kwihara kwenye tembe (nyumba ya udongo ya paa bapa) la Livingstone. Namba ni ile ile? Na je, Burton anaposema Kazeh, niichukulie kuwa ni Tabora?

Mwandishi: Marahaba, dada. Umeuliza vizuri. Namba si ile ile. Kanda zinapakana nyuzi 30 mashariki, kama kilomita 40 tu kutoka Kigoma, hata Uvinza iko upande wenu. Tumia 21036, ukiweka 35 Tabora itaangukia Kongo. Kazeh ichukulie kama makazi ya Waarabu ndani ya eneo la Tabora, si mji wote. Wakati ule Unyanyembe ilikuwa matembe yaliyotawanyika, kila moja na mashamba yake. Usitafute mtaa mmoja mkuu, tafuta njia zinazounganisha matembe. Corona itakusaidia sana: njia iliyokanyagwa miaka mingi huacha mstari hata baada ya kulimwa. Tazama picha za kiangazi.

Binti_Unyanyembe: Ahsante sana. Na mchoro nilioupiga kwa simu?

Mwandishi: Inawezekana. Uweke chini ya kioo, kivulini, simu juu yake wima. Kama imeinama kidogo, chagua Projective badala ya Polynomial. Inataka nukta nne kwa uchache, weka kumi.

Fundi_Gungu: Nyongeza: ukimaliza, hamishia kwenye QField, programu ya simu ya kufungulia ramani za QGIS. Unatembea Ujiji huku nukta yako inasogea juu ya ramani ya zamani.

Mwandishi: Kweli kabisa. Pakia leya zote nyumbani kabla hujatoka, na ubebe pawabenki. GPS inamaliza chaji kabla ya saa sita mchana.