Kabla ya Kumhamishia Mtoto Kwenye Kituo cha Timu ya Taifa

Barua ya shirikisho la soka inapofika ikimwalika kijana wa miaka 14 ahamie kituo cha taifa, alale na kusoma huko, jambo la kwanza ambalo wazazi wengi huulizia ni ubora wa kituo. Swali hilo halisaidii sana, kwa kuwa viwanja vya vituo hivyo mara nyingi huvutia macho. La kupima ni kile ambacho kijana atakipata huko na hawezi kukipata alipo sasa.

Anza kwa kuandika wiki yake ya sasa: anafanya mazoezi mara ngapi, chini ya kocha wa kiwango gani, wapinzani wake ni akina nani, na anacheza dakika ngapi siku ya mechi. Historia inaonyesha kwa nini hesabu hii ni muhimu. Uingereza iliendesha shule ya taifa ya soka huko Lilleshall kuanzia mwaka 1984 hadi 1999, na Marekani ikawaweka pamoja vijana wake wa chini ya miaka 17 huko Bradenton, Florida, kuanzia 1999 hadi 2017. Landon Donovan na DaMarcus Beasley, waliokuja kuwa nyota wa timu ya taifa ya Marekani, walikuwa katika kundi la kwanza la Bradenton, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kambi ile haikuzaa matunda. Hata hivyo, programu zote mbili zilifungwa baada ya akademi za klabu kukua. Basi, kama klabu ya mwanao inamfundisha vizuri na kumpa mechi ngumu, sababu ya kuhama inapungua. Kama anafanya mazoezi mara mbili kwa wiki na kushinda kila mechi kwa mabao manane, sababu hiyo ni nzito.

Kisha omba ratiba kamili ya kituo, isiwe kipeperushi chenye picha, na uanze kusoma sehemu ya Jumamosi, siku ya mechi. Huko Clairefontaine, Ufaransa, kituo kilichofunguliwa mwaka 1988, vijana wa miaka 13 hadi 15 walikuwa wakikaa bwenini siku za shule, kisha mwisho wa wiki wanarudi kwa familia zao na kuchezea klabu zao. Mpango huo, ambao Thierry Henry na Kylian Mbappé waliupitia, ndio ninaouona wa busara zaidi, kwa sababu haumkatishi kijana na nyumbani wala na mechi za ushindani. Ukiona ratiba imejaa mazoezi, lakini mahali pa mechi pameandikwa tu "kirafiki", uliza maswali zaidi.

Uliza pia ni nani anayepunguza mazoezi mwili unapolalamika. Katika umri wa kurefuka haraka, vijana wengi hupata maumivu kwenye kinundu cha mfupa kilicho chini ya kifuniko cha goti, na anayetoka vipindi viwili kwa wiki kwenda vipindi vinane huyapata kwa urahisi zaidi. Kijana aliye mbali na kwao, anayeogopa kupoteza nafasi, huficha maumivu hayo. Mpigie simu mzazi ambaye mtoto wake aliwahi kuumia akiwa kituoni, umuulize aliyempeleka hospitali alikuwa nani na bili ililipwa na nani.

Mwaliko wa kuhamia nchi nyingine ni habari tofauti. Kanuni za FIFA hukataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache zilizoainishwa, kwa hiyo wakala anayedai ada ili "kumwingiza kambini" ughaibuni asipewe hata senti.

Ukiamua kukubali, pata kwa maandishi mambo matatu: shule itakayompokea akirudi katikati ya mwaka, nafasi yake katika klabu ya zamani, na tarehe ya kuupitia uamuzi huu upya. Ukikataa, usidhani mlango umefungwa, maana uteuzi wa umri huu huwapendelea waliozaliwa mapema katika mwaka na waliobalehe mapema. Mshambuliaji Jamie Vardy aliachwa na klabu ya Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akaichezea Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2015, akiwa na miaka 28.

Kabla ya kujibu barua, mwache kijana alale bwenini hapo siku tatu ikiwa kituo kinaruhusu, kisha msikilize akiwa peke yake, bila kocha wala ndugu zake kuwapo.